Eulogi ya mama, dredi za mtoto: kisa cha duka la kuprinti River Road

Wacha niandike hiki kisa kabla hakijanitoka, juu nilikuwa hapo na mimi ndiye nilishika flashi.

Nilikuwa mweka hazina wa kamati ya mazishi. Jirani yangu alikuwa amefiwa na mama, tunaishi ploti moja Kariobangi, Nairobi, karibu miaka saba sasa, na nikisema jirani namaanisha mtu ambaye mtoto wangu akiugua usiku ndiye namgongea mlango. Jirani ni rasta. Si rasta wa nywele tu, ni mtu wa imani, hali nyama, hagusi pombe, na kila tarehe 23 Julai anaadhimisha kuzaliwa kwa Haile Selassie, yule aliyekuwa mfalme wa Ethiopia, vile mimi naadhimisha Krismasi. Mama yake alikuwa wa kanisa la Marafiki (Quaker) huko Vihiga, ile dini iliingia na wamishonari waliofika Kaimosi 1902, na hakuwahi kutoka humo mpaka Mungu akamchukua. Mimi mwenyewe nimeokoka. Nasema mapema ili mtu asidhani niko nje ya imani nikitupia wenye imani mawe.

Mazishi ilikuwa Jumamosi, mwili ulikuwa utoke mochari Ijumaa asubuhi, kwa hivyo eulogi, vile vijitabu vya maisha ya marehemu, lazima ziwe tayari Alhamisi usiku. Kurasa 12, nakala 150. Tukaenda duka moja River Road lenye watu wa kamati walijua linafanya kazi safi na haraka. Jirani akabaki kwa korido akiongea na kaka zake kwa simu, mambo ya jeneza, mimi nikaingia. Dada wa kompyuta akafungua faili, akaangalia picha ya mama akiwa na kile kitambaa chake cheupe cha kichwa, akaniambia pole sana baba, mama alikuwa na uso wa upole. Tukapatana bei, nikatuma nusu kwa M-Pesa, mashine ikaanza kutoa sampuli.

Jirani akamaliza simu akaingia kuangalia kama rangi ya mama imetoka vizuri. Hapo ndipo mwenye duka akatokea chumba cha nyuma, akamwangalia dredi, akamwangalia uso, akamwambia dada asimamishe mashine.

"Kijana, si nilikuambia ile siku? Hii duka niliiweka wakfu kwa Mungu. Watu wa rasta siwafanyii kazi."

Jirani akamwambia kwa upole kabisa, "Mzee, hii ni eulogi ya mama yangu. Mama alikuwa mtu wa kanisa."

"Mama hana shida. Shida ni wewe."

Pesa ikarudishwa kwa simu yangu hapo hapo, shilingi kwa shilingi, hakutudhulumu hata senti, lazima niseme hivyo. Lakini ilikuwa inaelekea saa moja usiku, maduka mengi yanafunga, tukazunguka mpaka tukapata kijana mmoja ako na mashine ndogo ghorofani, akatufanyia kwa huruma tu lakini wino wake ulikuwa unaisha, uso wa mama ukatoka kama wa kijani na jina la baba yake likakosewa herufi moja. Jumamosi nikaona dada mkubwa wa jirani akikunja ile eulogi ukurasa wa picha ukae ndani. Hiyo ndiyo imenifanya niandike.

Sasa "ile siku" ni gani. Hii ni muhimu sana kwa kisa na wengi wakisimuliwa wanairuka. Mwezi Juni jirani alikuwa ameenda duka hilo hilo na wenzake wawili, wakitaka tishati za ile siku yao ya Julai, zikiwa na picha ya Selassie na maneno ya kumkiri kuwa ndiye Mungu. Mwenye duka akawaambia hapana. Akasema yeye ni mtu wa Yesu, mkono wake hauwezi kuandika kwamba mtu mwingine ni Mungu, akawaonyesha duka la tatu kutoka hapo wenye wanafanya. Jirani aliniambia wakati huo, na hakukasirika hata kidogo, alisema mzee amesema ukweli wake na sisi tumesema wetu.

Kwa hivyo tuko na mtu mmoja, duka moja, mteja mmoja, na kukataliwa mara mbili. Wale vijana wa ploti wanasema zote mbili ni ubaguzi. Watu wa fellowship yangu wengine wanasema zote mbili ni haki yake, duka ni lake. Mimi nimekaa na hii kitu na nasema ya Juni alikuwa sawa, ya eulogi alikosea, na alikosea kisheria na mbele za Mungu pia.

Anza na Katiba ya Kenya ya 2010 juu hiyo ndiyo tuko nayo. Watu wanajua kifungu cha 27 cha usawa lakini wanafikiri kinafunga serikali peke yake. Kifungu cha 27(4) ndicho kinasema serikali isibague mtu kwa misingi ya dini, dhamiri, imani, utamaduni, mavazi na mengine mengi, halafu 27(5) kinakuja na kusema mtu pia asimbague mtu mwingine kwa misingi hiyo hiyo. Mtu. Na 20(1) kinasema Sheria ya Haki, ile sura ya Katiba yenye haki zetu zote, inafunga vyombo vyote vya serikali na watu wote. Mwenye duka la kuprinti ni mtu, hata kama amesajili kampuni, juu kwa Katiba neno mtu linabeba kampuni pia. Kwa hivyo lile neno "duka ni langu" halimalizi maneno. Duka ni lako lakini umechukua leseni ya kaunti, umefungua mlango kwa barabara, umebandika "karibu", na yeyote anayepita ana haki ya kuamini hiyo karibu ni yake pia.

Tena kuna kifungu kimoja ambacho sijui kwa nini hakitajwi, 32(3), kinasema mtu asinyimwe nafasi ya kuingia taasisi, kazi au huduma kwa sababu ya imani au dini yake. Kiko ndani ya kifungu cha uhuru wa dini chenyewe! Yaani uhuru wa kuabudu umeandikwa pamoja na ulinzi wa yule unayeabudu tofauti naye, kwa pumzi moja.

Lakini ukishuka mstari mmoja tu unakutana na 32(4), na hapa lazima tumtendee haki mwenye duka. Hicho kinasema mtu asilazimishwe kutenda au kushiriki jambo lililo kinyume na imani au dini yake. Si maneno ya bure. Mtu wa kuprinti si kama mtu wa kuuza unga. Anakaa na yale maneno, anayapanga, anachagua herufi, yanatoka kwa mikono yake, na kwa mtu aliyeokoka kuandika kwamba Mungu ni mwingine si kitu kidogo, ni kama kumwambia akiri. Mimi ningeambiwa niandike hivyo ningekosa usingizi. Ndiyo maana nasema ya Juni alikuwa sawa, na nasema hivyo nikijua kuna mawakili watapinga, lakini ukimlazimisha mtu aandike ungamo la dini isiyo yake leo, kesho rasta mwenye mashine ya tishati atalazimishwa aandike kwamba Selassie ni mungu wa uongo. Jirani mwenyewe ndiye alinipa huo mfano.

Sasa tuje eulogi. Alikataa kuandika nini? Hakuna. Ndani ya ile karatasi kulikuwa na maisha ya mama, majina ya wajukuu, utaratibu wa ibada na pasta wa Marafiki atakayeongoza, mistari ya Zaburi. Neno rasta halikuwa popote. Angeisoma yote angesema amina. Na ushahidi ambao hauwezi kupingika ni huu, kazi ilikuwa imeshapokelewa! Nilipoleta mimi, mtu wa nywele fupi na shati la kola, ilikuwa karibu baba, pole baba, lipa nusu. Ilipojulikana ni ya mtu wa dredi mashine ikazimwa. Karatasi ni ile ile, maneno ni yale yale, mama ni yule yule. Kilichobadilika ni nani amesimama mbele ya kaunta.

Hiyo ndiyo njia ya kupima nimeishika na nadhani kila mwenye bisnesi aishike. Jiulize, je hii kazi ingeletwa na mtu mwingine ningeifanya? Kama jibu ni hapana, hata pasta wangu akileta siandiki, basi unakataa maneno. Kama jibu ni ndio, basi unakataa mtu.

Sikuitoa kichwani. Uingereza mahakama yao ya juu kabisa ilipitia hapo Oktoba 2018, kesi ya duka la keki linaitwa Ashers, Belfast, Ireland ya Kaskazini. Mteja alikuwa ameagiza mwaka wa 2014 keki ya kama pauni 36 yenye maandishi ya kuunga mkono ndoa ya watu wa jinsia moja, wenye duka wakiwa Wakristo wakakataa, mahakama za chini zikasema wamevunja sheria ya ubaguzi. Mahakama ya juu ikageuza, majaji wote kwa sauti moja, wakasema wale hawakumkataa mteja kwa sababu ya alivyo, walikataa ujumbe, na wangeukataa hata kama ungeletwa na mtu wa namna yoyote. Ile hukumu watu wa kanisa huku waliishangilia lakini wengi walisoma nusu. Nusu ya pili inasema wazi kwamba kumkataa mteja mwenyewe kwa sababu ya alivyo ni kuvunja utu wake na hairuhusiwi. Mwenye duka wetu wa River Road akienda na kesi ya Ashers mkononi itamtetea kwa tishati na itamshtaki kwa eulogi.

Na kama anafikiri kusema "ni imani yangu" kunafunga mjadala, kuna ile ya Marekani, South Carolina, Piggie Park, hoteli za nyama choma ambazo mwenyewe hakutaka watu weusi wakae wale ndani na alisema ni imani yake ya dini inakataza kuchanganya rangi. 1968 Mahakama ya Juu ya kule ikaona hiyo hoja haina hata uzito wa kujadiliwa. Nikifikiria hiyo nasikia baridi, juu yule mtu labda alikuwa anaamini kwa dhati. Kuamini kwa dhati hakutoshi ukishafungua mlango wa biashara.

Nimeulizwa, kwani dredi ni dini? Si ni staili tu. Hapa Nairobi hilo lilijibiwa Septemba 2019. Msichana wa Kibera alizuiwa shule ya sekondari kwa sababu ya rasta kichwani, mzazi akaenda Mahakama Kuu, na Jaji Chacha Mwita akasema Urastafari ni dini kama dini nyingine, na kumfungia nje mtoto kwa sababu ya nywele zinazobeba imani yake ni kuvunja haki yake. Hiyo ilikuwa shule, si duka. Lakini neno la kwamba ni imani inayolindwa lilishasemwa.

Sitaki pia kudanganya kwamba mahakama zetu zimemaliza mambo yote. Ile kesi ya wasichana Waislamu kuvaa hijabu kwa shule ya Isiolo yenye mfadhili ni kanisa la Methodisti, upande wa hijabu ulishindwa Mahakama Kuu, ukashinda Rufaa 2016, halafu Januari 2019 Mahakama ya Juu ikaitupa uamuzi wa Rufaa kwa mambo ya utaratibu, yaani ombi halikuletwa vile inatakiwa, Jaji Ojwang peke yake akapinga. Kwa hivyo ukisikia mtu anasema kwa kujigamba "sheria iko wazi", muulize gani.

Mtu wa fellowship akaniuliza swali zuri, sasa buchari za Eastleigh zisilazimishwe kuuza nguruwe? Hapana, na hiyo ni rahisi. Buchari ya halali hainyimi mtu nguruwe, haiuzi nguruwe kwa mtu yeyote. Muislamu akija hapati, Mkikuyu akija hapati. Duka la Msabato likifungwa Jumamosi linafungwa kwa wote. Lile linalofungwa Ijumaa saa saba watu waende msikitini, hivyo hivyo. Kuchagua unauza nini na lini, hiyo imani yako inaweza kukuongoza na hakuna anayeumia. Shida inaanza ile bidhaa iko kwa shelfu, bei imeandikwa, wengine wote wanapewa na wewe unaambiwa wewe hapana.

Pale pagumu kweli ni katikati, na mimi na jirani tulikaa usiku tukibishana. Vipi kama eulogi ingekuwa ya rasta, na sala za kirasta ndani? Jirani akasema hapo pia mwenye duka angekuwa amekosea juu eulogi ni sauti ya familia, hakuna mtu anasoma eulogi akafikiri mwenye mashine ndiye anaomba hiyo sala. Mimi sikuwa na uhakika. Nilimwambia kama ni kutoa nakala tu, karatasi inaingia inatoka, sioni dhamiri inaguswa wapi, lakini kama ni kukaa kuipanga neno kwa neno ningemruhusu mtu aseme mpe mwenzangu hii. Kifungu cha 24 ndicho kinatakiwa kufanya hiyo kazi ya kupima, kinasema haki inaweza kuwekewa mipaka kama ni kwa busara na kwa jamii inayoheshimu utu na usawa, na moja ya vitu vya kuangalia ni kwamba mmoja akifurahia haki yake asiumize haki ya mwingine. Uhuru wa dini hauko kwa zile haki za kifungu cha 25 ambazo haziguswi kabisa kama kutoteswa na kutofanywa mtumwa. Usawa pia hauko hapo. Kwa hivyo zote mbili ziko kwa mizani na lazima mtu apime kila mara.

Na ukipima River Road unaweka nini upande wa mwenye duka? Kama angemaliza ile kazi angepoteza nini kwa Mungu wake? Angekuwa ameprinti Zaburi kwa mama wa kanisa. Upande wa pili weka mtu amefiwa, giza linaingia, gari ya kwenda Vihiga inasubiri, ameambiwa mbele ya wateja wengine kwamba shida ni yeye. Yule dada wa kompyuta alikuwa na machozi. Alikuwa ameinamisha kichwa anajifanya anapanga karatasi.

Wiki iliyofuata vijana wa ploti walitaka twende na simu, turekodi, tumweke mtandaoni Nairobi nzima imjue. Nilikataa kabisa na jirani akakataa pia. Mzee ni mtu wa imani, ana watoto, ameajiri watu wanne, na ukimgeuza kichekesho umemfanyia kile kile alichofanya, umemhukumu kwa alivyo. Hata kule Colorado, Marekani, kwenye kesi nyingine ya keki, ya 2018, mwokaji aliyekataa kutengeneza keki ya harusi ya wanaume wawili alishinda majaji saba kwa wawili si kwa sababu walisema alikuwa na haki ya kukataa wateja, ni kwa sababu tume iliyomsikiza ilionyesha dharau kwa dini yake. Dharau inaharibu kesi nzuri.

Tukaenda watu wawili tu, mchana, tukamsalimia Bwana asifiwe. Jirani hakutaka pesa. Alisema anataka zile eulogi ziprintiwe upya, rangi sawa, jina la babu liandikwe sawa, nakala 20 tu za familia kuweka, na atalipa bei ya kawaida. Mzee alitusikiza, akatupea viti. Akafikiria sana. Halafu akaniangalia mimi akasema, "Ndugu, wewe ukileta hiyo flashi nitakufanyia. Hata bure."

Alimaanisha vizuri. Naamini kwa moyo wangu wote alifikiri ametupatia njia. Lakini jirani akasimama akasema, "Asante mzee, lakini ni mama yangu. Nitaleta mwenyewe ama iachwe."

Kwa wale wanauliza mtu anaenda wapi na kitu kama hii, ziko njia na si za mabwanyenye peke yao. Kuna Tume ya Kitaifa ya Jinsia na Usawa, iliundwa na sheria ya 2011, kazi yake ni hiyo ya ubaguzi, unapeleka lalamiko. Kuna Tume ya Haki za Binadamu pia. Ukitaka mahakama, kifungu cha 22 kinakuruhusu kwenda mwenyewe, na kinataka kanuni ziwe rahisi, ada ya kufungua isitozwe na hata karatasi isiyo rasmi ikubalike pale inapobidi, na chini ya kifungu cha 23 jaji anaweza kutangaza haki imevunjwa, kutoa amri ya kuzuia au kuagiza fidia. Ile Sheria ya Ajira ya 2007 ambayo watu wanaitaja kila mara haitusaidii hapa, hiyo ni ya mwajiri na mfanyakazi, si ya mteja. Weka ushahidi, sisi tulikuwa na ujumbe wa M-Pesa wa kulipa na wa kurudishiwa, dakika 22 katikati yake, na ile karatasi moja ya sampuli ambayo dada alinipa kimya kimya wakati tunatoka.

Jirani amechagua kuandika lalamiko, si kesi. Tumeliandika pamoja juzi usiku kwa meza yangu, kurasa mbili, na kwa ombi lake tumeweka pia ile habari ya Juni, na sentensi inayosema kwamba kwa tishati hatulalamiki. Nilimuuliza kama ana uhakika, juu wakili yeyote angemwambia aitoe. Akasema iandikwe vile ilivyokuwa.

Ile sampuli ndiyo tumeambatanisha nakala yake. Ya kwanza yenyewe ameitia fremu, iko ukutani kwake, mama na kitambaa chake cheupe, rangi imetoka sawa kabisa.